Rivyu: mirathi ya baba kwa Kadhi na kwa meza ya upatanishi, nyota 4 kwa 5

Niliahidi watu wengi hapa soko la Kibuye kwamba siku tukimaliza hii maneno nitaandika, sasa tumemaliza kwa hivyo naandika. Watu huandika rivyu ya hoteli, ya saluni, ya simu, lakini hii huduma ya kugawa mali ya marehemu, ambayo unaendea ukiwa na uchungu na hujui chochote, hakuna mtu hukuambia ikoje mpaka ufike mwenyewe. Sisi tulipitia mbili. Ya kwanza mahakama ya Kadhi, ya pili upatanishi wa mahakamani, ule jaji anakutumeni mkaketi na mpatanishi badala ya kusimama mbele yake mkirushiana maneno. Zote tulifanyia huku magharibi lakini sitasema mji gani wala jina la mtu, juu mtu wa Kisumu akisoma majina mawili tu atatujua, na kuna wengine hawakutufanyia vizuri na sina haja ya kuwaanika.

Hali yetu ilikuwa hivi. Baba alifariki 2023, Mwislamu, Mluhya wa Wanga, kwao Mumias. Aliacha mama yetu, akaacha mama yake mzazi ambaye ni kukhu wetu na ako hai mpaka leo, vijana wawili, wasichana watatu, mimi nikiwa wa katikati kwa wale wasichana. Mali ni ploti hapa Manyatta yenye vyumba kumi vya kukodisha na shamba ekari moja na nusu nyumbani. Wasia hakuna. Alafu kuna kijana mmoja wa Butere, huyo nitamfikia.

Shida ilianzia kwa barua. Huwezi kufungua kesi ya mirathi bila barua ya chifu inayoorodhesha warithi, na yetu ilitoka ikiwa na majina ya vijana wawili na mama, basi. Sisi wasichana hatuko. Nilirudi kuuliza nikaambiwa "si nyinyi mmeolewa" na mdogo wetu hata hajaolewa, ako polytechnic anasoma. Ilibidi nirudi mara tatu na kitambulisho na cheti changu cha kuzaliwa ndio barua ikaandikwa upya. Hapo bado hatujafika kwa dini wala kwa serikali, hiyo ni mazoea tu ya mtu na kalamu yake, na nimeona mazoea yanaumiza wasichana kuliko Kurani na kuliko sheria, juu Kurani sura ya nne imetutaja wazi na kipimo chetu kimeandikwa, hakuna mahali imesema binti aliyeolewa afutwe.

Sasa kwa Kadhi. Kesi tulifungua 2024, ule mwaka kila kitu kilikuwa kimehamia kwa mtandao, kwa hivyo unaanzia saiba, pale pa kompyuta na intaneti ya kulipia. Jamaa wa saiba alitutoza pesa ya kuskani mara mbili juu alipandisha karatasi zikiwa juu chini. Hapo nakata nusu nyota. Nusu nyingine nakata kwa ngazi na viti, kukhu ana miaka zaidi ya themanini na siku ya kwanza alikaa kwa benchi nje kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa saba, alafu tukaambiwa siku nyingine.

Lakini siku tuliingia ndani, jamani. Kitu cha kwanza niligundua ni kwamba nilielewa kila neno. Kiswahili. Hakuna wakili alikuwa kati yetu, kila mmoja alisimama akajisemea, Kadhi anauliza polepole, mtu akisema kitu kwa Kiluhya kuna wa kumtafsiria, na kila akiamua kitu anasema ameamua kwa sababu gani, hii ni ya aya, hii ni ya sheria ya Kenya. Kukhu alimwita "mwanangu" badala ya mheshimiwa na hakuna aliyemkemea, Kadhi alijibu tu "naam mama".

Jambo la kwanza lilikuwa vyumba. Mama alisema vitatu kati ya vile kumi alijenga yeye kwa pesa ya chama chake cha kuchanga, kwa hivyo si mali ya marehemu. Kaka mkubwa akakataa, akasema kila kitu kilikuwa cha baba. Mama alikuwa na risiti chache za saruji na shahidi mmoja, fundi aliyejenga, mzee Mkristo wa Maseno. Kaka akasimama akasema Sheikh, huyu si Mwislamu na ni mmoja tu, kwa dini yetu ushahidi wake hautoshi. Mimi moyo ulianguka juu nilidhani tumemalizwa.

Kadhi akafungua kitabu, si Kurani, ile sheria ya Mahakama za Kadhi ya 1967, akasoma kifungu cha 6. Kinasema mahakama yake inafuata kanuni za ushahidi za Kiislamu, ndiyo, lakini kila shahidi asikizwe bila ubaguzi wa dini wala wa mwanamke na mwanamume, na jambo liamuliwe kwa uzito wa ushahidi, si kwa kuhesabu mashahidi wako wangapi. Akafunga kitabu akamwambia fundi, haya mzee, eleza ulivyolipwa. Fundi akaeleza, nani alimpa pesa, siku gani, mabati alitoa wapi, hata alikumbuka mama alimpa malipo ya mwisho kwa noti za mia mia zilizofungwa kwa leso. Ile leso mama alikuwa nayo kiunoni siku hiyo hiyo. Vyumba vitatu vikatolewa kwa mirathi, vikabaki vyake.

Nikitoka hapo nilifikiria sana. Kumbe hii mahakama si msikiti uliopakwa rangi ya serikali, na pia si serikali iliyovaa kofia. Ni vitu viwili vimefungwa pamoja kwa makubaliano ya zamani. Wazungu walipochukua ule mwambao wa Pwani waliukodi kutoka kwa Sultani wa Zanzibar mwaka 1895, na dini na makadhi wa watu wakaachwa waendelee. Uhuru ulipokaribia 1963 Kenyatta akaahidi mahakama hizo zitabaki, na zikaingia kwa katiba. Ndio maana mimi niko hapa kando ya ziwa, mbali na Mombasa, na natumia kitu kilichoanzia kwa mkataba wa watu wa bahari. Na mnakumbuka 2010 vita ilivyokuwa, makanisa mengi yalipinga katiba mpya kwa sababu mojawapo ni hizi mahakama, Mei mwaka huo majaji watatu wa Mahakama Kuu wakasema hazikufaa kuwa ndani ya katiba, na bado Agosti tarehe 4 wananchi wakapiga kura ikapita nazo ndani. Ziko kifungu cha 170. Nchi haina dini ya serikali, hiyo ni kifungu cha 8, na Kadhi anakaa pale pale na analipwa mshahara kama hakimu. Jirani yangu wa kibanda huniuliza hiyo inawezekanaje. Namwambia inawezekana juu imewekewa mipaka: ni ndoa, talaka, mirathi na hali ya mtu tu, wote walio kwa kesi wawe Waislamu, na wote wakubali kuamuliwa hapo. Kama mmoja hajakubali, Kadhi hana nguvu juu yake. Na usiporidhika unakata rufaa Mahakama Kuu, huko jaji anaketi na Kadhi Mkuu au makadhi wawili wa kumshauri.

Haya, mgao. Kadhi alichukua karatasi akaigeuza tuione sote. Mke akiwa na watoto anapata moja kwa nane. Mama wa marehemu moja kwa sita. Kinachobaki ni cha watoto, kijana sehemu mbili binti moja. Ili kila mtu apate namba kamili akagawa mali yote vipande 168. Mama yetu 21. Kukhu 28. Kila kijana 34. Kila msichana 17. Ukijumlisha inafika, mimi nilijumlisha mara tatu.

Kukhu hakuelewa karatasi. Mimi nauza nafaka, kwa hivyo jioni nilimwagia maharagwe ya rosekoko kwa sinia, nikahesabu 168, nikazipanga mafungu saba. Nikamwambia kukhu, hii sinia ndio mali ya mtoto wako, hili fungu ni lako. Akahesabu yake kwa kidole, ishirini na nane, akahesabu tena. Alafu akaangalia fungu la mama, ishirini na moja, akanyamaza, akaniuliza kwa nini huyu aliyempikia miaka yote amepata kidogo kuliko mimi. Nikamwambia ndio hesabu, lakini ana vile vyumba vyake vitatu, hivyo haviguswi. Akasema basi sawa. Kwa pesa ni hivi, vyumba saba vilivyobaki ni shilingi 3,600 kila kimoja kwa mwezi, yaani 25,200, kwa hivyo kila haragwe ni shilingi 150. Langu 2,550. La kaka 5,100.

Hapa ndipo watu wa sokoni hunishika. Yule jirani yangu ni Mkalenjin wa Uasin Gishu, mama mkali anayeuza mahindi, na akasema wazi, dada, wewe umekubali nusu mtu. Akanieleza kesi ya Rono, mzee aliyekufa 1988 bila wasia akaacha ekari 192 na wake wawili, vijana wakataka wachukue ardhi kubwa juu eti wasichana wataolewa, ikaenda mpaka Mahakama ya Rufaa na 2005 majaji wakasema mila haiwezi kushinda usawa, wasichana wakapewa sawa na wavulana. Akaniambia sisi tulipigania hiyo, nyinyi mnairudisha. Na ni kweli sheria yenyewe imetufanya tofauti, Sheria ya Urithi iliyoanza kutumika 1981 Waislamu walitolewa kwake 1990, na katiba kifungu cha 24 kinasema usawa unaweza kulegezwa kwa kiasi kile tu kinachohitajika kabisa ili sheria ya Kiislamu itumike kwa Kadhi kwa mambo hayo manne.

Nilimjibu kwa moyo wangu wote na nitawajibu nyinyi pia. Mimi nilikubali. Niliulizwa nikakubali, mbele ya watu, hakuna aliyenikaba. Na kwa dini yangu ile sehemu mbili ya kijana si zawadi, imekuja na mzigo. Yeye ndiye wa kulipa mahari, kulisha mke na watoto, kuangalia mama na dada ambaye hajaolewa, na changu mimi ni changu, mume wangu hana haki hata ya shilingi moja yake. Kadhi hakuacha hiyo ipite hivi hivi. Aliwasimamisha ndugu zangu wote wawili akawauliza, mnajua kwa nini mmepewa mbili? Kaka mkubwa akajibu vizuri kabisa, akasema ni kwa sababu dada zangu wako kwa mkono wangu. Kadhi akamwambia, na yule wa polytechnic, karo yake? Akasema nitalipa Sheikh.

Lakini sasa sikilizeni, hii ndio sababu hasa ya kuandika. Karatasi iliandikwa 34 na 17. Karo ya mdogo wetu haikuandikwa. Dini ilitoa fungu na mzigo kwa pumzi moja, serikali ikapiga muhuri kwa fungu peke yake, mzigo ukaachwa kwa dhamiri ya mtu. Kaka akikataa kunipa 17 zangu naweza kumshtaki, akikataa kulipa karo nitaenda wapi? Nitamshtaki kwa Mungu, na Mungu atahukumu, nina imani hiyo, lakini mtihani wa polytechnic ni Novemba. Muhula uliofuata kaka alilipa nusu. Sina haja ya kumtia aibu hapa, ana watoto wake na biashara ilikuwa chini. Ila niliona pale pale, haki ya dini ikikatwa vipande viwili na kimoja tu kikapewa nguvu ya sheria, kile kilichobaki kinadhoofika. Wanaosema "Uislamu unampa mwanamke nusu" wanaona karatasi, na hawajakosea kuisoma, karatasi ndivyo inavyosema.

Hapo ndipo kijana wa Butere akaja.

Tulimjua kwa kusikia. Baba alimzaa na mama mmoja Mkatoliki kabla ya kumuoa mama yetu, hawakufunga nikahi. Alikuja kwa kikao cha tatu na bahasha, ndani kuna kadi ya ubatizo ya parokia, ile ya zamani ya karatasi ngumu ya manjano, na mahali pa jina la baba kumeandikwa jina la baba yetu lote, jina la Kiislamu kabisa, kwa wino wa buluu. Mama aliishika ile kadi akaiangalia muda mrefu akairudisha bila kusema neno.

Kadhi alimuuliza, wewe ni Mwislamu? Akasema hapana. Unakubali nikuamulie? Akasema hapana, kwa heshima. Kadhi akasema basi kwako mimi sina mamlaka, na siwezi kumaliza faili hii kana kwamba haupo, nendeni Mahakama Kuu. Akamweleza ukweli pia, kwamba kwa fiqhi aliyoisoma, yaani sheria ya dini, mtoto wa nje ya nikahi harithi kwa baba, na asiye Mwislamu hamrithi Mwislamu. Alafu akatugeukia sisi, akasoma aya ya 8 ya sura hiyo hiyo ya nne, ile inayosema wakihudhuria mgao jamaa na mayatima na maskini, wapeni kitu katika hiyo mali na mseme nao kwa wema. Akasema hiyo mimi siwezi kuwalazimisha, naisoma tu. Mimi nampa huyo Kadhi nyota zote kwa siku hiyo. Mtu mwenye cheo anayesema hapa mwisho wangu, endeni mbele, ni wachache.

Mahakama Kuu ndiyo ilitutuma kwa upatanishi. Kwa wasiojua, katiba kifungu cha 159 kinataka mahakama zikuze suluhu na upatanishi na hata njia za jadi, mradi zisivunje haki za watu, na huu mpango wa upatanishi wa mahakamani ulianza kwa majaribio Nairobi 2016 ndio ukafika Nakuru, Kisumu, Kakamega na kwingine. Sisi hatukumlipa mpatanishi, analipwa na Mahakama. Hatoi hukumu. Mnayosema ndani hayatumiwi dhidi yenu kortini mkishindwa kuelewana, na hiyo ilifungua midomo ya watu kuliko kiapo chochote. Chumba chenyewe kidogo, joto, kiti kimoja mguu wake umefungwa kwa waya, hamna hata maji ya kunywa, hiyo mrekebishe tafadhali.

Mchungaji mmoja wa upande wa mama yake alimwambia yule kijana aache kesi, juu Paulo alikataza Wakristo kushtakiana. Yeye akatuletea hayo maneno mezani, na mpatanishi, mama mmoja mtulivu sana, akamwomba aisome yote, Wakorintho wa kwanza sura ya sita. Alisoma kwa simu. Kumbe Paulo hakusema mtu anyamaze adhulumiwe tu, kabla ya kufika hapo anauliza, hivi kati yenu hakuna hata mmoja mwenye hekima awezaye kuamua kati ya ndugu na ndugu? Kaka mkubwa akacheka akasema basi sisi tuko kwa Paulo sasa. Na mimi nikakumbuka ile tunasoma kwetu, suluhu ni bora, iko sura ile ile ya nne. Watu wawili wa vitabu viwili, wamefikishwa kwa kiti kibovu kimoja na kifungu cha 159.

Katikati ya vikao ndio ikatoka ile hukumu ya Mahakama ya Juu, tarehe 30 Juni 2025, kesi ya kutoka Pwani, kwamba watoto waliozaliwa nje ya ndoa hawawezi kunyimwa urithi wa baba yao Mwislamu kwa sababu ya hali ya wazazi wao walipowazaa. Mashehe wengi hawakuipenda na walisema hivyo wazi. Msimamo wangu nautoa bila kujificha: nina shida na mahakama ya serikali kunifundisha fiqhi yangu, lakini sikuweza kuangalia ile kadi ya manjano nikasema huyu si mtoto. Hakujichagulia. Yeye mwenyewe hakuja na kiburi baada ya hukumu, alisema tu, sasa nyote mmesikia, mimi bado niko hapa mezani.

Kikao cha mwisho kukhu alikuja na mkebe. Ndani zile rosekoko, fungu lake, ishirini na nane. Akatoa nne akaziweka mbele ya yule kijana. Hakuna aliyemwambia. Akasema kwa Kiluhya huyu ana masikio ya mtoto wangu. Mama akauliza nne kwa ishirini na nane ni ngapi, mpatanishi akasema moja kwa saba, mama akasema mimi basi natoa tatu. Ikawa hivyo, kila mtu moja kwa saba ya fungu lake, sisi wa kumi na saba tulitoa mbili na kipande. Jumla yake 24, yaani kodi ya chumba kimoja kamili. Kama angehesabiwa mtoto wa kiume kwa vipande vile vile angepata ishirini na sita na kitu, na alijua, mpatanishi alimweleza vizuri ili asije akasema alidanganywa. Akakubali 24. Kwa sisi tuliita zawadi ya warithi, yeye aliita urithi, na mpatanishi aliandika tu "sehemu yake", neno ambalo wote tuliweza kutia sahihi. Shamba likafuata mgawanyo huo huo, bado halijapimwa.

Na hapo mimi nikainua mkono. Nikasema kabla hatujatia sahihi, ule mzigo wa kaka uandikwe. Kimya. Kaka akasema unaniona mwongo? Nikamwambia kaka, nakuheshimu, wewe mwenyewe ulisema mbele ya Kadhi kwamba tuko kwa mkono wako, nataka tu karatasi iseme ulichosema. Mpatanishi akauliza ndugu zangu wawili kama wanakubali. Mdogo wetu wa polytechnic alikuwa anaangalia meza. Kaka akafikiria, akasema andika. Ikaandikwa kipengele chake: ndugu wawili watalipa karo mpaka amalize, kwa nusu kwa nusu, kutoka kwa mafungu yao ya kodi, kabla hawajachukua pesa yao. Jaji akaipokea makubaliano yote kama amri ya mahakama.

Kwa hivyo sasa ile sehemu mbili ya kijana na mzigo wake viko kwa karatasi moja yenye muhuri. Hiyo Kadhi peke yake hakutupatia, na Mahakama Kuu peke yake isingejua hata kuiuliza, juu wazo lenyewe limetoka kwa dini. Ombi langu kwa makadhi, na nalisema kwa heshima kubwa: mnapogawa mbili kwa moja, waulizeni warithi kama wanakubali wajibu wa kijana uandikwe kama makubaliano ndani ya amri yenu. Mnauliza swali zuri tayari, jibu lake tu ndilo halifiki kwa karatasi. Jirani yangu wa mahindi nilimuonyesha kipengele cha karo, akakisoma mara mbili. Bado hakubali nusu. Lakini akaomba nimpigie picha.

Nyota: Kadhi mwenyewe tano, mahakama kama jengo na tarehe zake tatu, upatanishi nne na nusu. Naweka nne kwa jumla.

Ukienda beba hivi: cheti cha kifo na kopi, vitambulisho vya wote, vyeti vya kuzaliwa, cheti cha nikahi kama kipo, sachi ya ardhi ya hivi karibuni (ile karatasi ya ofisi ya ardhi inayoonyesha ardhi ni ya nani), risiti zozote za mama hata zikiwa zimefifia, na maji ya wazee. Kuskani usiachie mtu wa saiba, simama hapo uangalie karatasi ziko sawa. Na ile barua ya chifu, isome yote ukiwa bado umesimama ofisini kwake, hesabu majina ya wasichana, usitoke kabla hayajafika.